Kazi ya Tatu ya Jiko

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepanga foleni mbele ya kombi ya mkwe wangu, na aliyekuwa mbele yangu ni sufuria.

Sikushangaa. Nikaisalimia, "Kamwene," kama tunavyosalimiana huku kwetu Njombe, nayo ikaitikia, "Kamwene, mama," ikajisogeza kidogo nipate pa kusimama.

Kombi hiyo majirani mnaijua. Asiyeijua nimweleze kwanza, maana naandika haya ili watu wayashike. Ni gari la zamani, lilizaliwa kabla ya binti yangu Onorina. Lilibeba kwaya ya kanisani mpaka likachoka, likaachwa nyuma ya kanisa likaota nyasi sakafuni. Gidion, mume wa Onorina, ndiye aliyelikokota mpaka uani kwangu. Wanauza miche ya parachichi vijijini, na wamechoka kulala kwa watu. Basi wakaamua kombi iwe nyumba. Wameijenga ndani wenyewe, mke anashika msumeno na mume anashika ubao. Wametia kitanda, kabati, sinki lenye ndoo chini yake, na ukutani plaiwudi iliyopakwa vanishi mpaka unaona sura yako. Leo asubuhi ndiyo walikuwa waondoke kwenda Makete. Jana wakasema walale humo kwanza, wajaribu.

Mimi nilikuwa sijawahi kutia mguu ndani. Humo kuna kitanda cha mkwe. Kwetu mama mkwe hakioni kitanda cha mkwe wake, wala hasimami mlangoni pa chumba anacholala. Chai yao nilikuwa naiweka juu ya tofali, nakohoa, naondoka. Na jana jioni nilimwona Gidion anaingiza jiko la mkaa humo ndani, kwa sababu ya hii baridi ya Juni. Neno likanijia mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nitaanzaje kumfundisha mkwe namna ya kulala?

Nikaenda kulala nalo tumboni. Ndipo nikajikuta kwenye foleni.

Ni mchana. Jua linawaka lakini halina joto. Foleni inatoka mlangoni pa kombi, inazunguka kisima, inapita katikati ya sebule yangu na kutokea kwenye shamba la viazi la jirani. Vyombo vyote vya nyumbani vimo. Hakuna anayesukuma.

Mlango wa kombi ni ule wa kuburuza. Unauliza kila anayefika:

"Kazi mbili?"

Huo ni utaratibu wa Onorina. Siku zote alikuwa akiniambia, "Mama, humu nafasi ni ndogo. Kitu kisicho na kazi mbili hakipandi." Nilidhani ni maneno tu ya fundi.

Kigoda kinasema, "Nakaliwa. Na tumboni mwangu wanaweka viatu."

"Pita."

Meza inasema, "Mchana chakula kinaliwa juu yangu. Usiku nainama, nashikilia godoro."

"Pita, na pole na mgongo."

Sufuria iliyokuwa mbele yangu inasema inapika, na mvua ikinyesha inakinga matone pale paa linapovuja.

"Paa halivuji tena," mlango ukasema. "Limezibwa."

"Basi ninapika na ninabeba mboga kutoka sokoni."

"Pita."

Kabla sijasogea kikatangulia kiti changu, kile cha mninga nilichopewa siku ya harusi. Sikujua kama nacho kilikuwa na nia ya kusafiri.

"Nakaliwa," kikasema.

"Na?"

Kiti kikafikiri sana. "Nakaliwa tena."

"Rudi nyumbani, mzee."

Kikaondoka kwa miguu yake minne, bila haraka. Nilikionea huruma, lakini sikusema kitu, maana nyuma yangu kuna mtu amenipita. Ni jiko la mkaa. Limevaa shati jeupe, limechana majivu vizuri kama linakwenda kwenye ubarikio kanisani.

"Samahani, mama, nina haraka kidogo," likaniambia kwa adabu.

"Kazi mbili?" mlango ukauliza.

"Napika. Na napasha joto."

"Pita."

Likapanda ngazi. Lilipofika juu likageuka, likanitazama mimi peke yangu, likasema taratibu, "Ya tatu hawajaniuliza."

Nikapiga kelele, "We mlango! Liulize ya tatu! Lina kazi ya tatu hilo!"

"Utaratibu ni mbili, mama," mlango ukasema. "Zinazozidi ni za mtu binafsi. Haya, na wewe?"

"Mimi ni mama wa Onorina."

"Hiyo moja."

"Na mama mkwe wa Gidion."

Nikasikia mlango unageuza hayo maneno kwenye reli yake, unayapeleka mbele na nyuma.

"Hapa pana shida," ukasema. "Mama anaruhusiwa kuingia, mwanawe yumo. Mama mkwe haruhusiwi, mkwe wake amelala. Wewe utaingia nusu."

"Nusu gani?"

"Chagua."

Nikachagua mguu wa kulia, kwa kuwa ndio ninaotangulizia ninapoingia kanisani. Nikaupandisha. Mguu wa kulia, mkono wa kulia na sikio la kulia vikawa ndani. Upande wa kushoto ukabaki uani, umevaa khanga, unatazama chini kwa heshima.

Upande wa kulia unaona joto. Ule wa kushoto unaganda. Kwa sikio la kulia nasikia mikoromo miwili. Kwa sikio la kushoto nasikia kuku wangu wanasemezana, "Amesimama vibaya huyo. Kama anataka kuingia si aingie?" Mwingine akajibu, "Muache, ana mkwe."

Ndani ya kombi si ndani ya kombi. Ni darasa nililosomea, lilelile la ukuta wa udongo, isipokuwa makabati ndiyo yamekaa kwenye madawati. Skrubu zimepangwa mstari wa mbele. Ubaoni wameandika kwa chaki: ZIBA. Makabati yanasoma kwa pamoja, "Zi-ba!" Mwalimu ni mrija wa silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, mrefu, mweupe, ana pua iliyochongoka.

"Vizuri sana," mwalimu anasema. "Hapa baridi haipiti. Vumbi halipiti. Hata sisimizi akitaka kupita aniandikie."

"Na hewa je, mwalimu?" nikauliza kwa nusu ya mdomo.

"Hewa ni nini? Mtu anyooshe mkono."

Hakuna kabati lililonyoosha.

Nyuma ya plaiwudi nikasikia mtu ananiita, "Mama Onorina! Mama Onorina!" Sauti imebanwa. Nikaweka sikio ukutani. Ni blanketi langu la zamani, lile la mistari, nililowapa wajazie kwenye kuta ili pasiwe na baridi.

"Umeshindaje humo?" nikaliuliza.

"Tumebanana vizuri, mama. Hatulalamiki. Ulituambia tuzuie baridi, tumeizuia. Lakini huku nyuma tunaona kila kinachotoka, na leo hakijatoka kitu. Hata sauti yako, ukilia humu, itabaki humuhumu."

Halafu darasa likaanza kutikisika, kumbe ni kombi yenyewe inakohoa. Ina sauti nene ya bibi aliyeimba maisha yake yote. Inaongelea kwenye usukani.

"Mimi nimebeba kwaya," ikasema. "Watu wazima na vitabu vyao vya nyimbo, wanaimba kutoka hapa mpaka Makambako. Nilikuwa na kutu, ndiyo. Nilikuwa na matundu sakafuni, mlangoni, juu ya kioo. Wenyewe waliona aibu. Mimi nilikuwa napumulia hapohapo. Sasa wamekuja watoto wako, wana upendo, wana brashi, wameniziba pua, halafu wakarudi nyuma wakanitazama wakasema, umependeza."

"Wamekupendezesha kweli," nikasema. Ndivyo ninavyofanya, nikiogopa nasifia.

"Nimependeza. Nitafutie hewa, mama."

Nikaanza kutafuta. Nafungua kabati, ndani kuna kabati. Navuta droo, inatoka, inaendelea kutoka, inafika sokoni. Wauza nyanya wanaweka nyanya juu yake na kunishukuru. Nafungua bomba la sinki, linatoa neno "zi-ba" likidondoka tone kwa tone. Mahali pote ni safi na pamenyooka. Sijaona kazi nzuri ya mikono kama ile, na sijawahi kuogopa hivi.

Jiko limekaa katikati ya sakafu, limekunja miguu. Ni jekundu lote. Halina hata uzi mmoja wa moshi.

"Kaa, mama, upate joto," likasema.

"Kazi yako ya tatu ni ipi?"

"Kulaza watu."

Lilisema hivyohivyo, kama mtu anayekwambia anafuga bata.

"Kuni zina kelele," likaendelea. "Kuni zinatoa moshi, watu wanakohoa, macho yanawasha, wanakimbia nje. Mimi sina tabia hiyo. Sinuki. Sionekani. Na ninyi wa huku mnanipenda kwa hilo. Mnaniwasha uani, mnanipepea, mnangoja moshi wote uishe. Nikishakuwa mwekundu mnasema, sasa limekuwa salama, ndipo mnaniingiza ndani na kufunga mlango. Mnadhani ubaya wangu nimeuacha nje na ule moshi." Likajichochea kidogo kwa kidole chake. "Ubaya sijauacha. Ninao hapa. Nimeutuliza tu."

Ni kweli. Ndivyo mama yangu alivyofanya, ndivyo nilivyofanya mimi. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na upepo uliingia unakotaka.

"Onorina anaumwa kichwa," nikasema. Sijui nilijuaje.

"Ndiyo hatua ya kwanza," jiko likasema. "Sasa hivi anaota anaumwa kichwa. Baadaye hataota."

Nikataka kulipiga teke. Mguu ulio ndani ndio ninaousimamia. Mguu wa kupigia uko uani.

Hapo juu ya rafu kitu kikanong'ona, "Mama. Huku." Ni pimamaji ya Gidion, kile kipande cha mafundi chenye kioo na maji ya kijani, na kipovu cha hewa ndani kinachoonyesha kama ubao umelala sawa. Gidion anaipenda kuliko simu. Pimamaji ikaniambia kwa sauti ya mtu asiyejua kudanganya:

"Nimepima. Rafu iko sawa. Kabati liko sawa. Watu hawako sawa."

"Hewa iko wapi?"

"Hewa yote iliyobaki humu ni hii niliyonayo."

Nikatazama kipovu. Ni kikubwa kama punje ya harage. Kinatetemeka katikati ya mistari yake miwili.

"Nipe."

"Wapelekee mwenyewe, mimi sina miguu. Wako kitandani."

Basi tumefika palepale nilipokuwa napakwepa. Kitanda kipo mwisho wa darasa, nyuma ya pazia nililoshona mimi mwenyewe, la maua ya njano. Nusu yangu ya kulia inasema, twende. Nusu ya kushoto kule uani imejifunika khanga usoni inasema, "Utasimulia nini kwa watu? Kwamba uliingia kwa mkwe wako amelala?" Na kuku wakasema, "Anasema kweli."

Nikajivuta. Nikanaswa mlangoni, mlango umenibana katikati ya kifua, si kwa ubaya, ni kwa utaratibu tu.

"Kitanda!" nikaita.

"Abee," kitanda kikaitikia nyuma ya pazia.

"Wewe kazi zako mbili ni zipi?"

"Nikikunjuliwa ni kitanda. Nikikunjwa ni benchi."

Hapo hata mwalimu silikoni akageuza pua.

"Kwenye benchi," nikasema polepole, "mama mkwe anaruhusiwa kukaribia?"

Mlango ukapekua kichwani mwake. "Benchi ni sebule," ukasema. "Sebuleni mama mkwe anakaribishwa. Anapewa na chai."

"Basi jikunje."

"Na watu wangu juu?" kitanda kikauliza.

"Pamoja na watu wako. Kunja!"

Kikajikunja. Bawaba zinalia, meza inanyooka mgongo, godoro linavunjika katikati, na pazia likajivuta lenyewe. Onorina na Gidion wakajikuta wamekaa wima kwenye benchi, wamejifunga shuka mpaka shingoni, macho yamefumba, vichwa vimeegemeana. Nyuso zao ni nyekundu na zimependeza, kama za watu waliotoka kucheka. Hilo lilinitisha kuliko kama wangekuwa wamepauka.

"Shikamoo, mama," Gidion akasema usingizini. Hata kule alikokuwa anakwenda, adabu hakuiacha.

"Marahaba, mkwe."

"Karibu ndani. Samahani, hatujapika."

"Nimeshiba, baba. Nimeleta kitu kidogo."

Mlango ukaniachia. Upande wa kushoto ukapanda, baridi na aibu vikabaki uani na kuku. Nikawa mzima. Nikaichukua pimamaji.

"Nikuambie kabla," ikasema. "Kikishatoka, mimi sitajua tena kilicho sawa. Kila watakachojenga kitakuwa upande."

"Kiwe upande," nikasema. "Kwenye nyumba iliyopinda watu wanaishi. Mimi ninaishi."

"Haya."

Sikuivunja. Kipovu kilipita kwenye kioo kama harage linavyotoka kwenye ganda lake, kikakaa kiganjani mwangu. Ni cha baridi, kinanuka mvua. Kikajigawa chenyewe mara mbili. Nusu nikaiweka puani mwa Onorina kama nilivyokuwa nampa dawa ya matone utotoni. Nusu nikampa mkwe wangu, na nilimshika pua yake kwa vidole vyangu, na sikuona haya.

Wakavuta. Kombi nayo ikavuta.

"Na mimi?" nikauliza, maana sasa kifua changu kilikuwa kimejaa pamba.

"Wewe usipumulie huku," pimamaji ikasema, macho yake matupu. "Hicho nilichowapa ni kidogo mno. Kaamke."

Nikaamka.

Mwanga ulikuwa unaanza. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa nje ya blanketi, umekufa ganzi, wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikatoka hivyohivyo, nachechemea, na khanga moja. Kombi imesimama uani. Vioo vyote vinatoka jasho kwa ndani. Nikafika pale kwenye tofali ninapoweka chai, nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Kimya.

Hapo ndugu zangu miguu iligoma. Nitasema ukweli, iligoma. Mkono uko kwenye kitasa na kichwani nasikia, mkwe wako amelala. Halafu nikasema kwa sauti, kama mwendawazimu, peke yangu uani, "Ni benchi." Nikauburuza mlango mpaka mwisho.

Hewa ya ndani ilikuwa nzito na ya vuguvugu, haina harufu yoyote. Nilizuia pumzi, nikalitoa jiko kwa mpini nikalitupa kwenye majani yenye umande. Nikamvuta Onorina miguu. Akafungua macho, akanitazama kama ananitazama kutoka ng'ambo ya bonde, akatapika. Nilishukuru kwa yale matapishi. Gidion alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia, akaanza kuhangaika na shuka.

"Mama! Mama, humu... mimi sijavaa..."

"Sikuoni, mkwe! Toka tu! Toka nje!"

"Kichwa, mama. Kichwa kinapasuka."

"Ndiyo maana nakwambia toka!"

Majirani wakaja, tukawapeleka zahanati. Muuguzi akawauliza kama walilala na jiko. Gidion akasema ndiyo, lakini moshi ulikuwa umeisha kabisa, aliuangalia mwenyewe. Muuguzi akatikisa kichwa akasema, wote wanasema hivyohivyo, wale wanaofika hapa wakiwa bado wanaweza kusema. Wakapewa hewa ya mtungi. Mchana wakaruhusiwa, na safari ya Makete imesogezwa mbele.

Wenye watoto, mlioziba nyumba kwa ajili ya baridi na mnaingiza mkaa ukishakuwa mwekundu, mimi sina elimu ya kuwaeleza kinachotoka humo. Nimewaeleza jiko lilivyoniambia. Na wewe uliyemeza neno kwa sababu ya ukwe, ulitapike leo. Aibu mtakuja kuicheka wote wawili mkiwa hai.

Jioni hii Gidion amekaa kwenye ile benchi, mlango wazi, mimi nimekaa upande wa pili, katikati yetu sinia la viazi. Ni mara ya kwanza kula naye. Anasema kesho anakata tundu la hewa juu ya paa na lingine chini mlangoni, na hayo hayatazibwa na mtu. Akanyoosha mkono kwenye rafu achukue pimamaji, apime pa kukata.

Akaitazama. Akaigeuza. Akaitikisa karibu na sikio.

"Onorina, nani ameichezea hii?"

"Hakuna. Ina nini?"

Akanipa niione. Kioo ni kizima, hakina ufa, hata kiganja changu hakikulowa. Maji ya kijani yamejaa kutoka mstari hadi mstari, na kipovu hakimo.

"Sasa nitapimaje?" akasema mkwe wangu.

Nikamwambia akate kwa macho tu, hata likiwa upande.